Ukingo Una Saa Yake, Msitu Una Yake

Anayekwenda milima ya Usambara kwa mara ya kwanza hutaka mambo mawili kwa mpigo: asimame juu ya genge aione nchi imetandazwa chini yake, na aingie katika msitu mnene wenye mbega na miti ya kale. Yote mawili yapo. Ila hayakai mahali pamoja, wala hayapatikani saa moja. Ukiwa ndani ya msitu huoni zaidi ya hatua ishirini mbele yako. Ukifika ukingoni, mara nyingi msitu umekwisha kitambo na unakanyaga shamba la viazi. Ndiyo maana watu wengi hurudi Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa na picha moja ya genge la Irente na matope kwenye suruali, wakaamini wameimaliza milima. Karibu kila ninalokushauri hapa linatokana na jambo hilo: kila usiku kabla ya kulala amua kesho unatafuta nini, kisha uifuate saa ya kitu hicho.

Wageni wengi huanzia Mombo, kwenye njia panda ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, wakapanda moja kwa moja hadi Lushoto. Hakuna ubaya. Lakini mwenye nafasi ya siku tano au sita namshauri aanzie chini kabisa, Magoma. Magoma iko wilaya ya Korogwe, ndani ya bonde la mto Lwengera, na bonde hilo ndilo linaloigawa Usambara mapande mawili. Magharibi kuna ukuta wa Usambara ya Soni, Bumbuli, Lushoto na Mtae. Mashariki kuna Usambara ya Nilo na Amani, ambayo ni fupi zaidi lakini inanyeshewa zaidi. Kutoka Korogwe mjini unapanda basi dogo la Magoma na Mashewa, unapita mashamba ya mkonge, na kabla hujafika umeshaanza kugeuza shingo huku na huku.

Usitarajie mji wa watalii. Utapata gesti, mama lishe, soko na bodaboda. Hoteli yenye varanda inayotazama mlima hutaipata. Kuna joto na mbu, kwa hiyo lala ndani ya chandarua hata kama kesho yake unapanda kwenye baridi. Faida ya kulala hapa huiona alfajiri. Jua likichomoza nyuma ya Usambara Mashariki, mwanga wake hupiga ukuta wa magharibi, na kwa muda wa saa moja hivi kila korongo na kila ufa wa mwamba huonekana. Jioni mambo hugeuka: jua linashuka nyuma ya Usambara Magharibi, na safu ya Nilo ndiyo inayowaka. Anayeelekeza kamera mashariki saa moja asubuhi ataondoka na picha ya weusi mtupu, na ndivyo wanavyofanya wageni wengi, kwa sababu ndiko kwenye jua.

Ukiwa hapo chini tazama pia mawingu yanakaa wapi. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Ukigonga milima hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Amani, iliyo upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Vuka milima yote hadi upande wa pili, huko Mkomazi, utakuta nyika ya migunga na vumbi, kwa sababu mvua imekwisha kumwagwa njiani. Huhitaji kuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Kaa mbele ya duka asubuhi moja na kikombe cha chai, uangalie kilele kipi kinajifunika kwanza na kipi kinabaki wazi. Utajua kitu kitakachokusaidia siku zote zilizobaki.

Sasa tupande. Mimi ningekwenda mashariki kwanza, msituni, kisha ndiyo niende magharibi kwenye magenge, kwa sababu macho yaliyokwisha kuona msitu mzima hutambua vizuri zaidi, yakifika Lushoto, ni kipi kilichobaki na kipi kilichokatwa.

Walio Magoma wana Hifadhi ya Mazingira Asilia Nilo karibu yao. Kilele chake kina mita 1,506, na msitu wake haujazoea miguu ya wageni. Barabara ya kupanda ni ya udongo mwekundu, na ikinyesha hata bodaboda hodari hushuka akaisukuma pikipiki. Hapa usitegemee mabango wala njia zilizochorwa. Anzia Korogwe, uliza Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, upate kibali na mtu wa kukuongoza kabla hujapanda gari la Magoma. Ukifika kijijini mikono mitupu utapoteza siku nzima ukielekezwa kwa huyu na yule. Nilo ni ya mtu mwenye miguu na subira. Kama una watoto wadogo au wazee, iache, nenda Amani.

Kwenda Amani kwa gari itabidi urudi Korogwe, ushuke hadi Muheza, ndipo uanze kupanda. Lango lake ni Zigi, mahali palipokuwa kituo cha reli ndogo enzi za Wajerumani. Wajerumani hao walianzisha Amani mwaka 1902 kuwa kituo cha utafiti wa mimea, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia yenye joto: mikwinini ya kutengenezea dawa ya malaria, viungo, mpira, miti ya mbao. Bustani yao ipo hadi leo, na ni nzuri kwa matembezi ya mchana. Lakini jambo hilo lina mtego. Mgeni huona mti mkubwa ajabu, akaupiga picha, akaandika chini yake kwamba ni msitu wa asili wa Usambara, kumbe mti wenyewe uliletwa na binadamu. Baadhi ya hiyo miti ya kuletwa, hasa ule uitwao Maesopsis, ilitoroka bustanini ikaingia msituni na kuota kila palipokatwa mti wa asili. Mwambie anayekuongoza akuonyeshe tofauti: huu ni wa hapa, ule umeletwa. Mwulize pia akuonyeshe msambu, mti ambao mbegu zake zina mafuta na wanavijiji huziokota kuuza. Ukishaijua miti mitatu minne kwa majina, msitu unaacha kuwa ukuta wa kijani.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 na ina zaidi ya hekta 8,000. Maji ya mto Zigi yanayotoka humo ndiyo yanayonywewa na jiji la Tanga, jambo ambalo mkazi wa Tanga anayefungua bomba halifikirii hata kidogo. Humo pia, kwenye miamba yenye maji na kivuli, linaota lile ua dogo la zambarau ambalo leo limo katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul, alipeleka mbegu au mimea yake kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Ukilikuta usilichume. Linaishi katika vipande vidogo vya mwamba, na kipande kimoja kinaweza kubeba mimea yote ya bonde lile. Ukiwa na mchana mmoja wa ziada, pita kijiji cha Fanusi kwenye mradi wa vipepeo, ambako wakulima hufuga viwavi wa vipepeo wa msituni; mabuu waliyauza nje ya nchi hadi mwaka 2016. Watoto hupapenda kuliko mahali pengine popote mlimani, na ni vigumu kuwatoa.

Msitu una saa zake mbili. Ya kwanza ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi. Ndipo hondohondo wanapopita juu kwa mbawa zenye kelele, mbega wanapoota jua kwenye matawi ya juu, na ndege wadogo wanapokula kwa makundi. Kuanzia saa tano msitu hunyamaza, na aliyefika mchana huondoka akisema hakuna wanyama. Wamo, wamepumzika kivulini, na wamemsikia akija tangu akiwa mbali. Kosa kubwa la mgeni msituni ni kutembea. Anatembea, anatembea, anahesabu kilomita. Tembea robo saa, kisha simama, nyamaza kimya, usitazame kitu chochote hasa. Subiri kitu kitikisike. Mbega utamjua kwa kishindo cha tawi kabla hujauona mkia wake mweupe. Kama unaye mtoto, mpe kazi ya kusikiliza badala ya kazi ya kuona. Wanaiweza kuliko sisi.

Saa ya pili ni usiku. Vinyonga wa Usambara, na wapo wa aina ambazo hazipatikani kwingine duniani, mchana ni vigumu kuwaona kwa sababu rangi yao inafanana na ya majani. Usiku hulala kwenye ncha za vijiti na rangi zao hufifia, na ukimulika tochi hung'aa weupe kando ya njia. Huhitaji hata kuingia ndani sana. Kingo za barabara na vichaka karibu na nyumba ya wageni vinatosha. Waangalie, wapige picha bila kuwamulika muda mrefu, uwaache palepale. Biashara ya kusafirisha wanyama hai nje ya Tanzania ilipigwa marufuku mwaka 2016, na mtu akikunong'oneza kwamba anaweza kukupatia kinyonga wa pembe, mkatalie. Usiku huohuo angalia unapoweka mguu, kwa sababu ya siafu kuliko nyoka. Suruali iingie ndani ya soksi; sura itakuwa ya kichekesho, lakini gizani nani anakutazama?

Sasa magharibi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona juu ya kona, na ililimwa enzi za Wajerumani. Anayechafukwa na safari akae mbele, asile chapati za mafuta Mombo kabla ya kupanda, na asisome simu. Njiani ni Soni, yenye maporomoko yake kando ya barabara. Ukiwa na gari lako simama, ukiwa kwenye basi hutasimamishiwa. Lushoto yenyewe iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, wakautumia kukimbia joto la pwani. Mtu wa Dar es Salaam anayefika mwezi wa Julai na fulana moja ataelewa usiku wa kwanza walikuwa wanakimbilia nini.

Kilomita chache juu ya mji unaanza msitu wa Magamba, hifadhi ya zaidi ya hekta 9,000, yenye vilele vinavyopita mita 2,200. Huu si msitu wa Amani. Ni wa baridi, wenye mikulo na mipodo, ndevu za kuvumwani zikining'inia kwenye matawi, na mikangaga mirefu kama miti mabondeni. Anaishi humo ndege mdogo aitwaye akalati wa Usambara, ambaye hapatikani mahali pengine popote ila Usambara Magharibi. Wapenda ndege huvuka bahari kuja kumtafuta, nasi tunapita kwa basi bila kujua. Msitu huu pia umekatwa sana. Upande wa Shume mbao zilikuwa nyingi kiasi kwamba Wajerumani walijenga waya wa kuteremshia magogo hadi Mkumbara, bondeni kwenye reli. Ukiona mistari iliyonyooka ya misonobari, hiyo ni miti ya kupandwa, ingia zaidi.

Hapa ndipo kanuni ya siku inapofaa. Amka saa kumi na mbili kasorobo, toka nje, tazama juu. Kama kuna ukungu, nenda Magamba. Msitu hauharibiwi na ukungu. Unapendeza zaidi, na wanyama hawajali. Kama anga ni jeupe, achana na msitu, kimbia ukingoni. Watu hufanya kinyume kwa sababu ratiba yao imeandikwa tangu nyumbani: Jumamosi Irente, Jumapili Magamba. Jumamosi wanasimama Irente wakitazama pamba nyeupe mbele ya pua, na Jumapili, siku ya jua kali, wamo gizani chini ya miti. Mwambie dereva au mwongozaji wako jioni kwamba uamuzi utatolewa asubuhi. Atakuelewa, yeye mwenyewe ndivyo anavyopanga shamba lake.

Irente iko kilomita tano au sita kutoka Lushoto mjini na unaweza kwenda kwa miguu. Mwamba unakatika ghafla na chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu, reli, na nyika ya Wamasai ikienda hadi macho yanapochoka. Wengi hupendekeza jioni, kwa ajili ya machweo. Mimi napendekeza asubuhi. Irente inatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na linaimulika tambarare yote, unaona hata vumbi la ng'ombe. Alasiri jua linakupiga machoni na tambarare inageuka utusitusi. Machweo yana rangi nzuri, sikatai, lakini rangi hizo ziko angani, na anga hata Kariakoo lipo. Ukitoka hapo pita kwenye shamba la Irente chini ya Kanisa la Kilutheri, ule mkate na jibini wanavyotengeneza wenyewe. Hapo ukingoni kwenyewe usitegemee uzio. Mwamba ukilowa unateleza, na upepo wa mchana una nguvu. Mtoto ashikwe mkono, si kwa maneno. Na anayetaka kujipiga picha akirudi nyuma hatua moja moja, mwite akae chini kwanza.

Ila kama ningeambiwa nichague ukingo mmoja tu katika Usambara nzima, nisingechagua Irente. Ningechagua Mtae. Ni mbali, mwisho kabisa wa milima kaskazini, kama kilomita sitini kutoka Lushoto kwa barabara inayochosha mgongo, na katika masika huenda usipite. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, huku kuna bonde, huku kuna bonde. Chini ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ng'ambo ni milima ya Pare, na upande wa Kenya ni vilima vya Taita, ambavyo ni ndugu wa Usambara katika ule mnyororo mmoja wa milima ya kale tunaouita Tao la Mashariki. Asubuhi safi kabisa Kilimanjaro hutokeza kwa mbali. Lakini Mtae haifai kwa kwenda na kurudi siku moja. Utafika saa nane mchana, kwenye utusitusi, na saa tisa unatakiwa kuondoka. Lala huko, au kijiji jirani cha Mambo. Amka kabla ya adhana ya alfajiri. Saa yake ni ile nusu saa ya kwanza ya jua, kabla joto la nyika halijainua vumbi. Wenye miguu hutembea kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu hivi, wakilala kwa masista wa Rangwi njiani. Ni safari nzuri, na haimtaki mtu kuwa mpanda milima, inamtaka tu asiwe na haraka.

Majira? Juni hadi Oktoba ni kukavu, ingawa Juni na Julai kuna baridi kali na ukungu wa asubuhi unaoweza kung'ang'ania hadi saa nne. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda kwa ukingo: mvua za vuli zimesafisha vumbi na masika haijaanza. Machi hadi Mei njia za udongo hukatika na bodaboda hupandisha nauli kwa haki. Lakini usiikatae masika moja kwa moja kama unatafuta msitu tu na una viatu vya mpira. Vyura huimba usiku kucha, na bei za vyumba hushuka.

Sasa kuhusu watu, maana Usambara ina watu wengi mno kwa mlima. Hakuna mahali utakaposimama peke yako dakika kumi bila mtoto, mama mwenye kuni au mzee mwenye jembe kupita. Salimia kwanza, siku zote, na ukae katika salamu. Msambaa hapendi anayetupa "mambo" akapita. Mzee mwamkie shikamoo hata kama wewe ndiye uliyekuja na gari. Wengi ni Waislamu na Walutheri, na mavazi ya ufukweni hayapendezi sokoni. Kipindi cha Ramadhani beba chakula chako na ule pembeni. Picha ya mtu huombwa. Hata ya mtoto, huombwa kwa mama yake.

Na mgeni asije na hotuba. Ni rahisi kusimama juu ya mteremko uliolimwa hadi kileleni, ukasikitika kwa sauti kwamba wenyeji wameumaliza msitu. Wamesikia hotuba hizo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuwalazimisha watu kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo; kazi ilikuwa nzito, amri zilikuwa nyingi, watu waliuchukia, na katika miaka ya 1950 mpango ukafa. Baadaye huko Derema, karibu na Amani, wakulima walilipwa fidia ili waachie mashamba yao ya iliki yaliyokuwa chini ya miti, ukanda huo uhifadhiwe. Kila kipande cha msitu unachopita kina familia iliyowahi kulima au kuokota kuni humo. Uliza: zamani palikuwaje hapa? Mwulize mwenye umri mkubwa kuliko mwongozaji wako. Utapata habari ambazo hazimo kwenye vibao vya hifadhi. Na kuna vichaka, hasa upande wa Vuga uliokuwa makao ya watawala wa Wasambaa wa ukoo wa Kilindi, ambavyo ni vya makaburi na matambiko. Ukiambiwa huku hatuingii, usiingie, wala usidai sababu.

Mwongozaji ni wa lazima, na si kwa ajili ya kuepuka kupotea tu. Wapo vijana wanaokupokea stendi ya Lushoto kabla hujashuka kwenye basi, kila mmoja ana kitambulisho cha kujitengenezea. Usimkabidhi mtu fedha hapo. Nenda ofisini, ama kwa TFS ama kwa vyama vya waongozaji vilivyoandikishwa mjini, mkubaliane bei kabla ya safari, pamoja na nauli na chakula cha mwongozaji mwenyewe. Hili la chakula ndilo huzua ugomvi saa saba mchana. Ada ya hifadhi hulipwa serikalini kwa namba ya malipo utakayopewa, na unapata risiti. Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha Taifa. Ukikisahau nyumbani, uso wako pekee hautoshi. Mtandao wa simu upo kwenye miinuko na hupotea mabondeni, basi lipa kabla ya kuingia, si ukiwa langoni.

Mizigo isiwe mingi. Sweta, koti la mvua, kofia, viatu vyenye meno chini, tochi yenye betri mpya, chupa ya maji ya kujaza tena. Mfuko wa plastiki umepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu au mfuko wa kitambaa. Darubini, hata ya bei nafuu, inazidi kamera nzuri. Katika msitu kamera huona giza na jicho huona mbega. Dawa zako zote chukua kwenu, kwa sababu duka la dawa la Mtae halina kila kitu. Mwenye shinikizo la damu au pumu azungumze na daktari wake kabla, na achague Lushoto na Irente ambako gari linafika, badala ya Nilo ambako linaishia njiani.

Wakati wa kurudi, mabasi ya Mtae, na yale ya Mashewa yanayopita Magoma, huondoka usiku au alfajiri sana, ili yawahi mabasi makubwa ya Korogwe na Mombo. Ulizia saa hiyo siku unayofika, si usiku wa mwisho. Kama ni msimu, utataka kununua plamu, pea na pichesi. Nunua Soni au sokoni Lushoto, si dirishani Mombo ambako zimekwisha kupigwa na jua. Chagua zilizo ngumu bado, uzipange ndani ya kikapu chenye majani, na umwambie kondakta zisiwekwe kwenye buti karibu na injini. Iliki nunua Amani au Muheza, kwa mkulima mwenyewe ukiweza: ponda punje moja kati ya vidole, na kama harufu haikupandi hadi puani, mrudishie kwa adabu uende kwa jirani yake.